Mimi Ndiye Niliyeyalima Maua ya Mkwe Wangu

Kosa ni langu. Nililifanya mchana, kwa mikono yangu miwili, nikiwa na akili zangu zote. Sikuwa mgonjwa, sikuwa nimekunywa, wala hakuna shetani aliyenituma. Nawaambia mapema kwa sababu nimesikia barua za watu zikisomwa katika gazeti hili, na kila mtu akikosa basi ni shetani, au ni rafiki mbaya, au ni dunia imebadilika. Wajinga wakubwa. Dunia haishiki jembe.

Jina langu sitaandika. Si kwa kuogopa. Watu wa hapa Tabora watanijua kabla hawajafika katikati ya barua. Siliandiki kwa ajili ya binti yangu, ambaye hapa nitamwita Yustina. Mumewe nitamwita mkwe tu, maana ndivyo nilivyomwita miaka yote, na huku najua analo jina zuri la ubatizo.

Mtu huyo, kuanzia maduka ya Gongoni mpaka stesheni ya Kaliua, anajulikana kwa jina la Bwana Maua. Wanasema ndiye yule mpumbavu aliyepanda maua ya porini katikati ya nyasi za kuezekea, akangoja miaka mitatu, wala halikuota hata moja. Wanaisimulia habari hiyo kwenye pombe na kucheka. Jina hilo nililitoa mimi. Habari hiyo ni uongo, na aliyeusema ni mimi. Ndiyo maana naandika, ingawa kuandika kwangu ni kwa shida. Herufi nilifundishwa na masista pamoja na katekisimu, ikaishia hapo.

Sasa sikilizeni.

Mimi nina shamba la nyasi. Msicheke, ninyi wa mjini mnaoezeka kwa mabati na kuungua mchana kama karanga kikaangoni. Zamani nyasi za kuezekea zilikuwa kila mahali. Ukitoka na mundu unarudi na mzigo. Kisha watu wakawa wengi, ng'ombe wakawa wengi, wawindaji wakawa wanachoma moto ovyo, ikawa nyasi ndefu na ngumu unazifuata nusu siku. Mume wangu alipokufa nilikwenda mbugani, nikachimba mashina ya nyasi hizo moja moja, nikayabeba kichwani, nikayapanda nyuma ya nyumba. Watu walisema nimeingiwa na wazimu wa ujane. Baada ya miaka michache walikuwa wanakuja na adabu zao kuniomba. Nyumba ya mwalimu wetu wa dini imeezekwa kwa nyasi zangu, na haivuji.

Kwa hiyo mnielewe vizuri. Mtu aliyechekwa kwa kupanda nyasi ndiye aliyemcheka mwenzake kwa kupanda maua. Hilo peke yake lingetosha kuniaibisha. Lakini bado.

Shamba langu limepakana na njia ya zamani ya misafara. Baba yangu alikuwa mpagazi. Alipita njia hiyo na pembe ya ndovu begani hadi pwani, akarudi, akaenda tena. Udongo wa pale umekanyagwa na watu wengi mno, mpaka leo ni mgumu kama sakafu, na nyasi zinazoota kandokando yake ni haba. Nimekua nikijivunia mabega ya baba yangu. Mtu asiyejua mzigo sikumhesabu kuwa mtu.

Ndipo Yustina akaniletea mrina asali.

Mtu wa misitu ya huko mbele ya Kaliua, mwembamba, ananuka moshi, mikono yake imejaa alama za nyuki. Mimi nilitaka karani. Nasema kweli, nilitaka karani wa relini, mwenye kaptula iliyopigwa pasi na kalamu mfukoni. Nilimtazama binti yangu, mzuri vile, anayejua kusoma na kufuma, nikamwambia, "Umezunguka dunia nzima ukaenda kuokota mtu juu ya mti?"

Akanijibu, "Sikuzunguka, mama. Alishuka mwenyewe."

Sasa ninyi wa pwani, mnaokula sahani moja na wakwe zenu na kugongana nao mabega, hamtaelewa mpaka niwaeleze. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Akiniona nakuja njiani, anaingia majanini mpaka nipite. Haingii nyumbani mwangu. Hali chakula mbele yangu. Akiwa na neno la lazima hanisemeshi mimi, anasema na kitu kilicho karibu, kuku au mti au ukuta, nami nasikia. Nikitaka kumjibu, nami nasema na kitu changu. Ndiyo heshima yetu, na ni nzuri, sitaki mtu aniletee habari za ushenzi hapa. Ubaya ulikuwa wangu mimi niliyeitumia kama fimbo.

Maana iko njia ya kuilegeza. Mkwe akileta zawadi ya heshima, mama akaipokea, baada ya hapo wanaweza kusalimiana na kuzungumza kwa mbali kama watu. Mkwe wangu alileta jembe. Halikuwa la dukani, lilikuwa la mhunzi, zito, makali yake safi, ila kwenye pembe moja mhunzi alikuwa ameacha pengo dogo. Nililipokea. Nikalilimia. Na sikulegeza kitu. Nilimwacha aendelee kuingia majanini kila aliponiona, kwa sababu ilinipendeza kumwona akiingia.

Siku moja natwanga uani. Akaja akasimama nje ya ua wa miti, amenipa mgongo, akamsemesha mbuzi wangu aliyefungwa pale.

"Mbuzi, mwangaluka. Kumekuchaje hapa nyumbani?"

Nikakiambia kinu, "Kinu, mwambie mbuzi kumekucha vizuri, ila mtwangaji ana kazi."

"Mbuzi, sitakaa. Nina ombi. Naomba kile kipande cha kule njiani, chenye nyasi haba."

"Kinu, muulize mbuzi, kipande hicho ni cha kazi gani? Cha kulala?"

"Mbuzi, ni cha maua. Yale maua ya porini yanayoota yenyewe mbugani, katikati ya nyasi."

Nilicheka mpaka nikauacha mchi. "Kinu, mwambie mbuzi kwamba maua ni chakula chake yeye. Watu wanakula ugali."

Akasema, "Mbuzi, mwambie kinu kwamba wewe ukila maua unatoa maziwa, na nyuki akila maua anatoa asali. Mama achague anataka kukamua nani."

Ndani ya nyumba nikamsikia Yustina akishindwa kuzuia kicheko. Hapo ndipo nilipomchukia kabisa yule mtu. Si kwa ombi lake. Kwa sababu alinishinda kwa maneno mbele ya mwanangu, tena akiwa amenigeuzia mgongo kwa adabu zote.

Baadaye tunabangua karanga, Yustina akanieleza.

"Usimcheke, mama. Miyombo ikimaliza kuchanua, nyuki hawana kitu huku. Wanahama. Ndiyo maana wanaume wanawafuata msituni miezi minne, mitano. Haya maua ya nyasini yanachanua mvua zikielekea kuisha, mengine yanaendelea mpaka kiangazi. Yakiwa hapa, nyuki watakuwa hapa, na mizinga itakuwa hapa. Naye atakuwa hapa."

"Na yasipoota?"

"Amesema atajaribu miaka mitatu. Yasipoota, tutahamia kwao. Kule msitu uko karibu, angalau atakuwa anarudi nyumbani."

Nilijua kwa nini anasema hivyo. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa na kufa mumewe akiwa msituni. Habari zilipomfikia, kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani. Aliporudi aliapa hatamwacha tena mke wake peke yake namna ile.

Nikakubali kumpa kipande. Msinisifu. Nilikubali ili nimwone akishindwa kwenye ardhi ile ngumu, mbele ya macho yangu. Kwamba Yustina angeondoka, hilo sikuliamini hata kidogo. Nilihesabu kwamba mtu akishashindwa na kuchekwa vya kutosha, binti yangu atamwacha yeye, atabaki na mimi.

Nitawaambia jinsi alivyofanya, ili ijulikane kwamba hakuwa mpumbavu.

Hakulima shamba lote. Mpumbavu angelima. Alingoja nimalize kukata nyasi zangu, ndipo akachoma vishina vya kile kipande, asubuhi ya baridi, upepo umelala, moto mdogo unaofuata mguu. Kisha akawa anang'oa shina moja la nyasi na kuacha mawili matatu, anang'oa moja na kuacha mawili matatu, ili maua yapate nafasi na nyasi zisife. Akakwaruza udongo kwa tawi la miiba. Mbegu alikuwa amezikusanya kiangazi kizima katika vibuyu, kila ua na kibuyu chake. Akazichanganya na mchanga mkavu, akazimwaga kwa mkono huku akirudi nyuma, wala hakuzifukia. Akaomba mbuzi wangu, kwa kupitia Yustina, akawapitisha juu yake huku na huku wazikanyage. Mvua ya kwanza ilikuta kazi imekwisha.

Mwaka ule hakikutokea kitu isipokuwa vijani vidogo vimelala chini kama vimekanyagwa. Na katikati ya masika, nyasi zikiwa zinapanda vizuri, mkwe akachukua mundu na kuzikata hadi magotini, kwenye kipande chote. Nilipiga kelele nusu ya kijiji ikasikia.

"Mumeo ananyoa mtoto ambaye hajaota nywele!"

"Anavipa jua vile vya chini, mama," Yustina akasema.

"Jua ni la Mungu. Halikumwomba msaada."

Wiki ile nilikwenda Gongoni kwa rafiki yangu Bibi Tausi, mwenye duka la nguo na chumvi. Akaniuliza kwa wema tu, "Na yule mkweo, siku hizi anafanya kazi gani?"

"Anapanda maua," nikasema. "Bwana Maua. Namtafutia kazi kwa bibi wa D.C., akamlimie bustani."

Duka zima likacheka. Walikuwamo watu wa Puge waliokuja mnadani, walikuwamo wapakizi wa stesheni. Kabla ya mwezi kuisha, mkwe alikuwa hapiti sokoni bila kuitwa jina hilo. Nami nikajiona nina ulimi. Mwanamke mzima, mjane, mpokea komunyo wa kila Jumapili, nafurahia ulimi.

Mwaka wa pili vile vijani viliongezeka, vikapanuka, lakini ua hakuna. Siku moja akaja tena nje ya ua, akaniambia, yaani akamwambia mbuzi, kwamba mimea ile inashusha mizizi kwanza. Ikishashika chini ndipo itapanda.

Nikasema, "Kinu, mwambie mbuzi kwamba hata maiti wako chini. Sijaona wakipanda."

Akaondoka. Yustina alikuwa anaanika nguo. Akaacha nguo kwenye kapu, nyingine zimelowa, akaingia ndani.

Hapa nilikuwa nimeandika kwamba nilisahau habari ya mtoto wao. Nimelifuta. Sikusahau. Nilikumbuka neno likiwa limefika mdomoni, nikaliachia.

Basi ukaja mwaka wa tatu.

Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha. Mkwe alikuwa amekwenda Puge kuchukua magogo ya mizinga, atarudi siku ya tatu. Yustina alikuwa kisimani. Nikachukua jembe kwenda kupalilia karanga, nikapitia kule njiani, sijui kwa nini, labda nilitaka kitu cha kumchekea jioni.

Nikakuta yameota.

Si moja, si mawili. Kipande kizima. Yalikuwa yamepanda katikati ya nyasi, mengine yamefika kiunoni, vichwa vimefunga, vingine vimeanza kufunguka. Yalikuwamo ya manjano yenye jicho jeusi, yalikuwamo ya zambarau yenye shina la nywele, na yale madogo ya buluu yanayofunguka asubuhi na kufumba jua likikaza. Nyasi zangu hazikuwa zimekufa. Zilisimama nayo bega kwa bega, kama kule mbugani nilikozitoa. Na nyuki walikuwa wamefika kabla yangu, wako kazini, hawana habari na mtu.

Nataka mjue kwamba niliyaona. Wako watu watakaonionea huruma, watasema bibi alidhani ni magugu. Msinionee huruma, sikuiomba. Nimelima tangu nilipoota meno, nalijua gugu, na nalijua ua. Nilisimama pale nikaona kazi ya mtu imefanikiwa. Na kitu nilichofikiri kwanza si kwamba binti yangu atabaki. Nilifikiri Bibi Tausi. Nilifikiri lile duka zima. Nilifikiri kwamba siku watu watakapokuja kutazama, mimi ndiye nitakayekuwa kichekesho, na yeye atapita katikati ya njia.

Nikaanza kulima.

Nililima tangu umande haujakauka mpaka jua likawa utosini. Niliyang'oa na mizizi. Mizizi ilikuwa mirefu kama mkono, kweli ilikuwa imeshuka, ilinitoa jasho, ikanifanya niongeze hasira. Nyuki waliniuma mara mbili nisisikie. Mashina ya nyasi niliyaacha, kwa uangalifu mkubwa, nisiharibu nyasi zangu. Tazameni ujinga wa mtu: hata katika uovu wangu nilikuwa fundi. Maua yote nikayakusanya, nikayatupa zizini kwa mbuzi.

Yustina aliporudi nikamwambia, "Nimepalilia karanga." Naye akasema, "Pole na kazi, mama."

Mkwe akarudi siku ya tatu. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala, namwona, yeye hanioni. Akatua magogo yake, akaenda moja kwa moja njiani. Akasimama. Akachuchumaa, akaokota kipande cha shina moja, akakitazama. Kisha akatazama chini. Nami hapo ndipo nilipokumbuka jembe. Kila nilipolipiga udongoni lilikuwa limeacha alama yake, mfereji safi wenye kijituta cha udongo pembeni, pale kwenye lile pengo. Jembe alilinunua yeye. Alilijua.

Nikangoja aje juu kwa kelele. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha maneno yangu.

Hakuja. Alivua kandambili zake, akaanza kuzifuta zile alama kwa mguu. Moja baada ya nyingine, taratibu, kipande chote, mpaka mtu mwingine akipita asione jembe limepita. Akazivaa kandambili, akarudi nyumbani kwake, ng'ambo ya ua wangu. Nikamsikia akimwambia Yustina, kwa sauti ya kutosha nisikie, "Nyasi zimeyashinda."

Wangapi kati yenu wangefanya hivyo? Nawajua. Mngekwenda kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, siku ile ile, na mashahidi, na vikao vitatu.

Watu walipouliza, niliwajibu mimi. "Hayakuota," nikasema. "Miaka mitatu, hata moja. Niliwaambia." Wakacheka tena, safari hii zaidi. Yeye hakukanusha hata siku moja.

Baada ya mavuno wakafunga mizigo. Asubuhi ya treni alikuja akasimama nje ya ua, akanipa mgongo kama siku zote. "Mbuzi, mwambie mama tunashukuru kwa kipande cha shamba." Nami sikukisemesha kinu wala mchi. Yustina alinipa mkono, hakulia. Mimi nilimlilia baada ya treni kuondoka, nikasema moyoni kwamba atarudi kabla ya masika.

Hakurudi masika yale, wala ya pili yake.

Ndipo ikaja barua kwamba amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Nikafunga karanga na unga wa mtama, nikapanda treni hadi Kaliua. Kutoka stesheni nilielekezwa njia. Nimetembea kidogo nikaona wanaume watatu wanakuja na mizigo ya nta kichwani, wa nyuma anachechemea vibaya, mguu unatupwa pembeni kama si wake. Aliponiona akaingia majanini. Majani yenyewe ni miiba mitupu pale. Na mzigo kichwani, na mguu ule, akaingia, akanigeuzia mgongo.

Wenzake hawakunijua mimi ni nani. Mmoja akacheka, akapaza sauti, "Bwana Maua, umeona jingine huko?" Mwenzake akaongeza, "Mwache achume, mkewe atapika."

Nikapita. Nilipita katikati ya njia, mimi niliyestahili kuwa ndani ya ile miiba.

Yustina alinipokea vizuri, akanipa maji, akanipa mtoto nimpakate. Nikamuuliza habari ya mguu.

"Alianguka mtini. Mwaka jana, huko ndani kabisa. Walimbeba siku mbili. Mfupa umeunga vibaya."

"Kwa nini hamkuniandikia?"

"Ungesema nini, mama? Ungekiambia kinu?"

Yeye akaendelea kuchambua mchicha, hanitazami, sauti yake ya kawaida kabisa.

"Nilijua siku ile ile. Nilipokwenda kufunga mbuzi niliyakuta zizini. Yalikuwa hayajanyauka yote. Nilitaka nije nikuulize mbele ya watu. Yeye akanikataza. Akasema mama hasemwi, na kwamba watu wakijua nitakosa uso wa kurudi nyumbani kwetu. Akasema yeye kuchekwa amekwisha kuzoea."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mimi nilikusamehe zamani. Nimebeba mimba, ningebeba na hiyo? Lakini anayeitwa Bwana Maua si mimi. Ndugu zake wanamwita hivyo, watoto wa jirani wanamwita hivyo. Huyu unayempakata akikua atalisikia jina la baba yake hivyo."

"Basi mwambie kwamba..."

"Simwambii kitu. Sikubebei, mama. Uongo uliusema dukani mbele ya watu. Ukweli usiniletee mimi jikoni."

Huyo ndiye Yustina. Nilimzaa mimi, kwa hiyo sina wa kumlalamikia.

Nilikaa kwao siku nne. Mkwe alikuwa analala kwa kaka yake ili nisikose nafasi. Siku ya kuondoka nilikuta mlangoni kibuyu cha asali, kimefungwa vizuri kwa majani. Nimekileta Tabora, nimekiweka. Sijakionja, maana sijaona kwamba nimekistahili.

Sasa nasema kwa wote, pamoja na wale wa Kaliua ambako gazeti hili linafika kwa treni. Maua yaliota. Yaliota mwaka wa tatu, kama alivyosema, kwenye udongo mgumu ambao hakuna mwingine angeuthubutu, na nyasi hazikufa hata shina moja, na nyuki walikuja. Hakuna kilichomshinda. Alishindwa na mama mkwe wake, na mtu hapigani na mama mkwe wake. Mguu ule ni mimi niliyeuvunja, ingawa sikuwa mtini.

Na ninyi kina mama wenzangu, ambao mmekwisha kuanza kusema "maskini, huyu bibi", nawaona. Kila mmoja wenu ana mkwe anayemdharau kwa kazi yake, au kwa kabila lake, au kwa harufu yake. Anayekupisha njia usimhesabu kuwa hana la kusema. Anakuona vizuri kuliko unavyomwona wewe, maana wewe huangalii. Ukiona kazi ya mtu huijui, mpe miaka aliyoiomba. Na siku ukiona kazi hiyo inakaribia kufanikiwa, na mkono wako unawasha, weka jembe ndani, ufunge mlango, ukae juu ya funguo mpaka muwasho upite. Heshima ya wakwe tumeachiwa tuheshimiane. Mimi niliichukua upande mmoja tu, ule wa kuheshimiwa, na ona nilikofika.

Jumapili gazeti hili likifika, nitampa mwalimu wa dini alisome nje ya kanisa baada ya misa, lote, kwa sauti. Bibi Tausi nimemwalika, ingawa si wa dini yetu, aje na wale waliokuwa dukani siku ile. Jina sikuliandika gazetini, lakini nimemwambia mwalimu kwamba akifika mwisho aseme wazi mwandishi ni nani. Mimi nitakuwa nimesimama pembeni yake, uso wangu kwenu. Atakayecheka, ajue anamcheka nani.